Matikiti Yamefungwa Mikanda, Watoto Je?

Wanaocheka wacheke. Mimi ni yaya, ni mwanaume, na sijifichi. Napika uji usio na madonge, najua kijiko cha dawa ya kikohozi kinajazwa mpaka wapi, na usukani naushika kwa mikono miwili. Anayeona haya kwa niaba yangu akaone haya huko kwake. Mimi nina kazi.

Kwa uliyechelewa: wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimefungiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mabosi wangu. Nilikuwa nawaonyesha namna ya kumfunga mtoto mkanda, mlango ukajifunga, na kumbe kufuli ya watoto haijui kama aliye ndani ni mtoto au mtu mwenye ndevu. Ufunguo ulikuwa juu ya boneti. Aliyenifungulia ni mtoto wa miaka minne tunayemwita Bwana Kwa Nini. Kwanza aliniuliza maswali kumi na saba kupitia kioo, na yote nikayajibu.

Nilitoka nimelowa jasho nikidhani aibu imekwisha. Kumbe aibu ndiyo kwanza ilikuwa inavaa viatu.

Jioni ile mama mwenye nyumba aliniita mezani. Huyu mama ni mkaguzi katika kiwanda cha vioo, na kazi yake ni kutafuta ufa. Ukimpa maji anaitazama glasi kwanza, maji baadaye. Kando yake alikaa mumewe, daktari wa meno. Kando ya daktari alikaa mdogo wake, ambaye watoto humwita Baba Mdogo. Mimi pia humwita hivyo mbele yake. Nyuma yake namwita mengine.

"Swali ni moja," Mama akasema. "Zamu yangu inahamia alfajiri. Nani atawapeleka watoto shule?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Baba Mdogo naye akasema. "Yaya abaki na uji wake. Gari tuachiwe wanaume."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni yule aliyeshindwa na kufuli ya watoto."

Daktari alikohoa ndani ya kiganja. Mimi nilimeza mate, nikameza na jibu. Jibu lilikuwa zuri, lina vina kabisa, lakini lilikuwa la kufukuzisha kazi.

Ili mnielewe, lazima mjue kisa cha mdomo. Miezi mitatu nyuma Baba Mdogo aliwachukua watoto kwa safari ya dakika tano tu. Bwana Kwa Nini alisimama katikati ya viti vya mbele kama kondakta. Baba Mdogo alikuwa na simu sikioni. Akafunga breki ghafla, mtoto akaruka, mdomo ukakutana na breki ya mkono. Nyuzi mbili. Mpaka leo akicheka mdomo wake unapanda upande mmoja.

Mama hajasahau. Daktari amesamehe, maana damu ni damu na yule ni mdogo wake wa tumbo moja. Ndiyo maana swali lilikuwa mezani.

"Mimi namtaka yaya," Mama akasema.

"Mimi namtaka ndugu yangu," Daktari akasema.

"Basi tupime."

Kiwandani kwao, akatueleza, kioo hakiendi dirishani kabla hakijapigwa kwa mfuko wa mchanga. Mtu atapimwaje kwa maneno? Akaingia stoo, akatoka na mifuko miwili ya unga, mmoja wa kilo ishirini, mwingine wa kilo kumi na tano. Akaivalisha sweta za shule. Juu ya kila mfuko akaweka tikiti maji, akalikaza kwa skafu, akalivika kofia. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akaridhika.

"Siku tano," akaniambia. "Utawapeleka hawa shule na kuwarudisha. Nitakufuata nyuma na gari la kiwandani, nimechukua likizo. Watoto watakuwa na mimi. Matikiti yakimaliza wiki bila ufa, kazi ni yako. Yakipasuka, watoto watapelekwa na baba yao mdogo. Na mpaka mtihani uishe, huna ruhusa ya kuendesha gari lenye mtoto wangu ndani."

"Na mimi nipimwe na nini?" Baba Mdogo akauliza.

"Wewe ulishapimwa," Mama akasema. "Lakini mume wangu ana kura yake."

Nikakubali. Niwaambie ukweli, damu ilinichemka. Mimi nipimwe kwa tikiti? Lakini nilipokwenda kuzima taa za chumba cha watoto, dada yake Bwana Kwa Nini alikuwa ameketi kitandani ananingoja. Ana miaka saba. Tunamwita Hakimu, kwa sababu hata ukigawa biskuti lazima atoe hukumu.

"Kaka Yaya, ukishindwa tutapanda na Baba Mdogo."

"Sitashindwa."

"Apa."

"Yaya haapi. Yaya anafanya."

"Hilo si jibu," akasema. Akajifunika shuka, kesi ikaahirishwa.

Sikulala vizuri.

Jumatatu asubuhi niliwabeba wale wageni wawili mpaka garini, mmoja kila bega. Nikawaketisha kwenye viti vya watoto, nikavuta mikanda, nikaijaribu kwa vidole viwili. Kisha nikasoma shairi nililowatungia watoto siku nyingi, la kusomwa kabla injini haijawaka:

*Mkanda pita begani,*
*shuka chini kiunoni,*
*lia "ta" masikioni,*
*ndipo twende safarini.*

"Unamsomea nani?" Mama akauliza kutoka gari la nyuma.

"Abiria, Mama."

"Hawana masikio."

"Dereva anayo."

Akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui alinipa alama au alinikata.

Tukaondoka kama msafara wa waziri. Mbele mimi na matikiti, nyuma Mama na watoto. Nilipita matuta kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Kwenye mzunguko nilingoja mpaka walio nyuma wakanitukania ukoo. Na kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilimwona Hakimu amebandika karatasi kwenye kioo cha gari la mama yake. Imeandikwa alama zangu kati ya kumi: SABA.

Penye taa nyekundu, dereva wa lori alisimama ubavuni mwangu. Akatazama nyuma, akanitazama mimi, akatazama nyuma tena.

"Kaka, wanao wamefanana nawe sana."

Msomaji, nilikuwa na majibu manne. Moja lilimgusa yeye, moja lori lake, na mawili sitayaandika gazetini. Lakini ukiwa na watoto ndani ya gari, hasira inakaa kwenye buti pamoja na spea. Nikamwambia, "Ahsante, kaka. Yule wa kushoto ndiye mkubwa." Taa ikawaka kijani.

Hakimu akabadilisha karatasi. NANE.

Langoni pa shule tulimkuta Mwalimu wa Zamu. Huyu mwalimu akiambiwa jambo kwa maandishi, hata nyumba ikiungua atalimaliza kwanza. Mama alikuwa amempa barua: kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa jioni, kutoka mkononi mwa yaya huyu, apokee mizigo miwili ya unga yenye vichwa vya tikiti, asipokee kitu kingine chochote. Sahihi na muhuri wa kiwanda.

Mwalimu alisoma barua mara mbili. Akakagua matikiti.

"Huyu mdogo sweta amefungwa vifungo vibaya."

"Ni tikiti, Mwalimu."

"Ni sweta ya shule hii."

Nikashuka, nikafungua vifungo vya unga, nikavifunga upya. Akasaini. Mizigo ikawekwa benchi la langoni mpaka saa za kurudi. Watoto wenyewe walishuka kwa mama yao wakapita kando yake, na Bwana Kwa Nini akasimama mbele ya lile tikiti lenye kofia yake.

"Kaka Yaya, kwa nini tikiti limewahi na mimi nimechelewa?"

"Kwa sababu lilikunywa uji bila kugoma."

Akalitazama kwa chuki ya wazi kabisa.

Kila jioni Mama aliyalaza matikiti mezani. Aliyagonga kwa ukucha, akatega sikio, akayazungusha chini ya taa. Baba Mdogo alisimama nyuma yake akichungulia kama anayesubiri habari za msiba.

"Hilo lina alama hapo, Shemeji."

"Ni mstari wake wa kuzaliwa."

"Na hapo?"

"Hapo ni mate yako. Rudi nyuma."

Jumanne, salama. Jumatano, salama. Alhamisi mbwa aliingia barabarani nami nikasimama taratibu hata kofia hazikuanguka. Hakimu akanionyesha TISA NA NUSU, na nilipomuuliza ile nusu imekwenda wapi akasema hajawahi kumpa mtu kumi, hata Mungu bado anamfikiria. Mwalimu wa Zamu naye alishawazoea. "Afadhali hawa wako," akaniambia akisaini. "Hawasukumani."

Usiku ule nilianza kutunga utenzi wa ushindi. Beti tatu zikawa tayari. Hapo ndipo nilipokosea, maana ushindi hautungiwi ukiwa bado uko barabarani.

Ijumaa alfajiri simu ya Mama ikalia. Lori zima la vioo limerudishwa kiwandani, anatakiwa yeye, tena sasa hivi, si kesho. Akaondoka na gari la kiwandani kabla sijachemsha maji. Aliniachia karatasi chini ya kikombe: *Siku ya mwisho. Sheria ni zilezile.*

Sheria nilizijua kwa moyo. Zilibandikwa kwenye kikinga jua cha dereva. Ya kwanza, mikanda kabla ya injini. Ya pili, gari likitembea simu iko ndani ya droo na droo imefungwa, awe anapiga nani. Ya tatu, hakuna kusimama njiani, ni kutoka mlangoni mpaka langoni. Ya nne mnaijua: mtoto hapandi mpaka mtihani uishe.

Daktari alitokea na kipande cha mkate mdomoni.

"Kijana, wewe peleka matikiti yako kama kawaida. Watoto watakuja nyuma yako na baba yao mdogo, kwa gari langu dogo. Mimi natembea."

"Baba, gari dogo halina viti vya watoto. Na mikanda ya nyuma ilishazama chini ya kiti."

"Ni leo tu."

"Hata siku ya mdomo ilikuwa leo tu."

Mkate ukasimama. Nikadhani amenielewa. Lakini akatazama saa, akasema ana mgonjwa anangoja mdomo wazi, akaenda zake.

Basi nikafanya kama nilivyoagizwa. Nikawapandisha wageni wangu, mikanda begani, mikanda kiunoni, shairi likasomwa. Nikawasha injini. Nikatazama kioo cha nyuma.

Ndani ya kioo niliona vitu viwili. Karibu yangu, matikiti mawili yamekaa kwenye viti vya watoto, yamefungwa barabara, yamestarehe kama wafalme. Mbali kidogo, ndani ya gari dogo, Bwana Kwa Nini amesimama katikati ya viti vya mbele, mkono begani mwa Baba Mdogo. Hakimu yuko nyuma, ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili. Na Baba Mdogo simu iko sikioni, imebanwa na bega.

Nikazima injini.

Nikashuka, nikaenda nikagonga kioo chake.

"Baba Mdogo, tubadilishane."

Akateremsha kioo nusu. "Tubadilishane nini?"

"Watoto waje kwenye viti vyao. Wewe chukua unga."

"Viti vina wenyewe leo. Ni mtihani."

"Wenyewe si hao hapo?"

"Aliyesema mtoto asipande kwako ni shemeji, si mimi. Unajua ukiwapandisha umefeli?"

"Najua."

"Umebakiza safari moja tu, mwenzangu. Kwenda na kurudi."

"Najua kuhesabu."

Akanitazama, akatabasamu. Ni tabasamu la mtu aliyeona adui yake anajichimbia shimo na ameleta jembe lake mwenyewe.

"Chukua," akasema. "Chukua haraka kabla akili haijakurudia. Mimi nitambebea Shemeji mitihani yake mpaka kiwandani, akaione ilivyotupwa kama takataka."

Sikutupa kitu. Niliwafungulia wale wageni wa unga kwa heshima, maana tulikuwa tumeishi vizuri. Baba Mdogo akamsimamisha mmoja kiti cha mbele na mwingine katikati, palepale aliposimama mtoto. Akaondoka na simu sikioni, tairi zikalia.

Hakimu alipanda kitini kwake. Nikavuta mkanda, nikaujaribu kwa vidole viwili. Bwana Kwa Nini naye akapanda, akagusa kiti chote kuhakikisha tikiti halikuacha kitu.

"Kaka Yaya, kwa nini umefeli?"

"Soma shairi, bwana."

Wakalisoma wote wawili. Mikanda ikalia ta, ta. Simu droo, droo ikafungwa. Tukaondoka.

Tulipofika katikati ya njia, droo ikaanza kulia.

"Ni Mama," Hakimu akasema. Mama ana mlio wake.

"Nasikia."

"Pokea."

"Gari linatembea. Sheria ya pili."

Ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Ikalia. Bwana Kwa Nini akaanza kuhesabu, naye hesabu yake inaishia tano, kwa hiyo akifika tano anaanza upya.

"Simama kando basi," Hakimu akasema.

"Sheria ya tatu."

Akafikiri. Nilimwona kwenye kioo amekunja uso kama jaji aliyeletewa mbuzi mwenye wamiliki wawili. "Anayepiga ni Mama," akasema. "Na aliyekataza ni Mama. Mama wa kukataza alitangulia. Endesha."

Nikaendesha. Nimeshavunja sheria moja, nikasema, tatu zilizobaki nitazitimiza hata zikinila nyama. Simu ililia mara kumi na moja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja, lakini mikono ilikuwa miwili na usukani ulikuwa mmoja.

Tukafika langoni. Mwalimu wa Zamu akaja na kitabu chake, akachungulia kiti cha nyuma, akarudi nyuma hatua moja.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanafunzi wako, Mwalimu. Wanakuja hapa kila siku."

"Kila siku wanakuja na mama yao. Kutoka kwako wewe nimeagizwa kupokea matikiti."

"Leo nimeleta wenyewe."

Akatoa barua, akaifungua, akaweka kidole. "Asipokee kitu kingine chochote. Mpaka Ijumaa jioni. Sasa ni Ijumaa asubuhi."

"Mwalimu, huyu si kitu. Huyu ni Hakimu. Yuko darasa la pili, anakaa mbele, juzi alikusahihisha hesabu ubaoni."

"Ndiyo maana namkumbuka," akasema kwa ubaridi. "Wasishuke. Na gari lisiondoke."

Akasimama mbele ya boneti. Watoto wakabaki kwenye viti vyao, mikanda imefungwa, nje kidogo ya shule yao.

Sasa gari limesimama. Nikafungua droo, nikapiga mimi.

Ikapokelewa kabla ya mlio wa kwanza kuisha. Sikusikia neno. Nilisikia mtu anayehema kama amekimbia kutoka mwisho wa dunia, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Mama?"

"Wako wapi?"

"Wako hapa. Langoni pa shule. Wazima."



"Wasemeshe," akasema. Sauti haikuwa yake.

Nikapeleka simu nyuma.

"Mama," Bwana Kwa Nini akasema, "kwa nini unalia?"

Simu ikakatika.

Yaliyotokea niliyajua nusu saa baadaye, naye aliyenisimulia ni Mama mwenyewe, amechafuka nyekundu mpaka viwikoni. Baba Mdogo, karibu na kiwanda, alikuwa anaeleza simuni jinsi yaya alivyokwisha. Mkokoteni ukaingia barabarani. Akafunga breki kama anavyofunga yeye. Wale abiria wawili waliosimama wakaruka. Mmoja alikipiga kioo cha mbele, kioo kikapasuka, kichwa kikapasuka. Wa pili alipita juu ya dashibodi akamalizia hukohuko. Unga ukatanda kama moshi, na ulipotulia, watu waliona sweta mbili ndogo za shule na wekundu kila mahali.

Wanawake wakapiga mayowe. Wanaume wakaanza kutafuta mawe. Baba Mdogo hakungoja kueleza kuhusu matikiti, na ningekuwa mimi pia nisingengoja. Alifungua mlango akapotelea ndani ya duka la kinyozi, akakaa kwenye kiti, akajipaka povu usoni mwenyewe, akasema "ninyoe" kama mteja wa zamani.

Muuza mboga mmoja akaokota sweta. Ndani ya kola pameandikwa namba ya simu kwa wino usiofutika, kwa sababu mama wa watoto hawa anaandika namba yake mpaka kwenye soksi. Akapiga. Akasema, "Mama, jikaze. Nimeokota nguo ya mwanao barabarani."

Mama alikimbia kwa miguu kutoka kiwandani, simu mkononi, akinipigia mimi. Alipofika akapiga magoti palepale. Alishika ule wekundu kabla hajajua ni nini, kisha akaona mbegu. Akajua ni tikiti. Lakini wenye sweta wako wapi? Akanipigia tena, na mimi ndani ya gari natii sheria ya pili.

Gari la kiwandani lilisimama nyuma yetu, mlango ukafunguka kabla halijatulia. Mama akaja. Hakunitazama. Hakumtazama Mwalimu wa Zamu aliyekuwa ananyoosha barua. Aliingia nusu mwili ndani ya gari, akamshika Hakimu kichwa, akamzungusha chini ya mwanga, akamshika mikono, akamshika magoti. Akahamia kwa mdogo. Akaangalia meno, akaangalia ule mdomo wenye nyuzi mbili, akaubusu, akauangalia tena.

Kisha akajitoa, akaja kusimama mbele yangu, nami nilikuwa nimeshashuka.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Ulijua umefeli?"

"Nilijua tangu nilipozima injini, Mama."

Upande wa pili wa gari la kiwandani akashuka Baba Mdogo, ambaye Mama alimtoa kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu. "Shemeji," akasema, "unaona? Hana adabu na amri za watu. Leo amekuibia watoto asubuhi, kesho atawapeleka asikokujua."

Mama alimwinulia kidole. Macho yake hayakuondoka kwangu.

"Nina swali moja. Usinijibu kwa mashairi." Akasogea karibu. "Ungepokea simu ile, nami sijui lolote, nikakuamuru uwarudishe watoto kwa baba yao mdogo. Ungewarudisha?"

Wasomaji wangu, jibu la kubaki na kazi lilikuwa linajulikana. Ni neno moja, ni tamu, na kila mwajiri hapa duniani anapenda kulisikia. Hakimu alikuwa ananitazama kupitia dirisha, kidevu juu ya mkanda.

"Nisingewarudisha," nikasema.

"Hata ningeamuru mimi?"

"Hata wewe, Mama. Ningewafikisha, halafu ningekuja kukuomba radhi."

Mwalimu wa Zamu aliguna. Baba Mdogo alicheka kwa pua, povu likaruka. Mama alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yale ya kiwandani, yanayotafuta ufa.

"Ufunguo," akasema, akafungua kiganja.

Nikamwekea. Vidole vyake vikafunga, wekundu wa tikiti ukapaka chuma.

"Shuka, mwanangu," akamwambia Hakimu.

"Mimi sishuki," Hakimu akasema. "Aliyenifunga ndiye atakayenifungua."

"Mimi pia," akasema mdogo wake.

Simu ya Mama ikaita. Akaiweka sauti ya juu. Alikuwa Daktari, na nyuma yake mgonjwa analalamika mdomo wazi.

"Ndugu yangu amenipigia, nimesikia yote," akasema. "Kioo cha gari tutaweka kingine. Mtu anayekataa amri yako, mke wangu, leo anakataa kwa wema, kesho je? Ufunguo mpe ndugu yangu, tumalize."

Baba Mdogo hakungoja. Alizunguka boneti, akafungua mlango wa dereva, akaketi kwenye kiti changu, akakirudisha nyuma. Akanyoosha mkono nje ya dirisha.

Kengele ya shule ikalia. Mama alisimama hatua moja kutoka kwake na hatua moja kutoka kwangu. Akatazama watoto, akatazama simu, kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Na mimi nikanyoosha wangu.